Teja akifa tunambeba, akiwa hai tunamfukuza barazani

Ijumaa iliyopita nilikwenda kunyoa kwa kinyozi wa Kipakistani hapa Birmingham, na ukutani, mahali ambapo kwetu pangetundikwa picha ya Al-Kaaba, nilikuta picha ya mzee mwenye ndevu nyeupe ndefu. Nilipouliza ni nani, kinyozi alisimamisha mashine na kunisimulia habari za Abdul Sattar Edhi kama mtu anayemsimulia babu yake.

Edhi alizaliwa Gujarat mwaka 1928, akahamia Karachi mwaka 1947, na mwaka 1951 akafungua zahanati ndogo ambayo baadaye ilizaa wakfu wenye magari ya wagonjwa nchi nzima. Nje ya vituo vyake aliweka susu, ili mama aliyetaka kumtupa mtoto wake amlaze humo na aende zake bila ya kuulizwa neno. Maiti zisizo na wenyewe, hata zilizokwisha kuharibika, aliziosha kwa mikono yake, na waliorukwa na akili na walioharibiwa na madawa ya kulevya aliwajengea pa kukaa. Baadhi ya mashekhe walimpinga, naye hakuacha mpaka alipofariki mwaka 2016.

Kwa habari ya maiti, sisi Wazanzibari hatuna wa kutufundisha, na nalisema hili kwa fahari. Miaka yote niliyokaa ugenini sijaona mji unaozika kama Unguja, ambako jeneza likipita, hata asiyemjua marehemu hutia bega lake, akabeba hatua chache, akampisha mwengine. Teja naye akifa huoshwa, huvishwa sanda, husaliwa na kubebwa vivyo hivyo. Lakini teja huyo huyo, wiki moja kabla, alipojilaza kwenye baraza ya msikiti baada ya sala ya alasiri, tulimwamsha kwa ncha ya mguu. Habari ya viatu vilivyoibwa na ya mifereji iliyong'olewa naijua, kwa hiyo msinieleze. Viatu vyangu pia vimewahi kuondoka.

Watakuwapo watakaosema kwamba nimekaa Ulaya nikaanza kuona kwetu kubaya. Sikusema kwamba Ulaya ni kuzuri. Hapa watu hulala kwenye milango ya maduka katika baridi inayoua, na wengi wetu, mimi nikiwamo, tunawapita. Ninacholinganisha ni kitu kimoja tu: ni kwa sababu ya tendo gani tunamwita mtu walii na kumweka mbele ya watoto wetu ili wamfuate. Yule kinyozi hakunitajia karama hata moja.

Wengine watanijibu kwamba Edhi alikuwa mtu wa misaada, na kwamba mashekhe wetu ni watu wa elimu. Hapo ndipo ninapokasirika, kwa sababu wanaosema hivyo hawawajui mashekhe wao wenyewe. Tunapomsimulia Habib Swaleh tunataja nasaba yake na maulidi ya msikiti wake wa Riyadha, ambayo watu huyasafiria hadi Lamu kila mwaka, lakini tunaruka kwamba sharifu huyu aliyetoka Ngazija alikwenda kukaa pembezoni mwa mji, akawasomesha watoto wa waliokuwa watumwa pamoja na Wahadhrami mafukara, wakati ambapo waungwana waliona elimu ile haiwastahiki watu hao, na kwamba walikuwapo masharifu wenziwe waliomlaumu. Sheikh Ramiya wa Bagamoyo aliletwa pwani akiwa mtoto mtumwa kutoka Manyema, akaja kuwa khalifa wa tarika ya Kadiria. Ingekuwaje kama kila aliyemwona akiwa mtumwa angemfukuza barazani?

Nayaandika haya kwa sababu ya mwenzangu wa chuoni, tuliyesoma juzuu moja kwenye jamvi moja, ambaye baadaye alizama katika unga. Nilimfukuza mimi mwenyewe kwenye baraza ya msikiti wetu, mbele ya watu, na mwezi huo huo nilikuwa wa kwanza kutia bega chini ya jeneza lake. Watu walinisifu kwa kumzika vizuri.

Mwaka huu nimewaandikia wanakamati wa msikiti kwamba mchango wangu wa Ramadhani usinunue zulia, bali upike uji na mkate kila asubuhi, wapewe hao wanaolala barazani, na wasiamshwe kabla haujaiva.