Flaiwili Nyepesi, Bolti za Zamani

Pita asubuhi yoyote kwenye gereji za Eneo la Viwanda hapa Nakuru, hutakosa Subaru iliyoshushwa giaboksi. Mara nyingi ni klachi imekwisha, basi. Lakini Naivasha si mbali, na tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, homa ya mbio imewapata hata wenye magari ya kupeleka watoto shule. Giaboksi ikiwa chini, mwenye gari anaona heri flaiwili, lile gurudumu zito la chuma nyuma ya injini ambalo klachi hulishika, nayo ipunguzwe uzito kwa mashine ya leidhi ili injini ipande kasi upesi, au anunue nyepesi iliyotengenezwa hivyo. Hapo ndipo ubishi unapoanza: bolti zile zile zirudi, au zinunuliwe mpya?

Mafundi wakongwe hucheka swali hili. Bolti ni chuma, wanasema, haina meno ikang'oka. Isugue kwa brashi ya waya, irudishe. Vijana waliosoma vitabu vya watengenezaji wanajibu kwamba bolti ya flaiwili ni ya kutumiwa mara moja. Nimewasikia wote wakiapa, na kila upande una injini zake zinazoutetea.

Bolti hii haishiki flaiwili kama msumari unavyoshika koti ukutani. Inaibana kwenye krenkshafti, mhimili unaozungushwa na pistoni, kwa nguvu kiasi kwamba msuguano kati ya nyuso mbili ndio unaopitisha mzunguko. Ili ibane, lazima ivutike kidogo, kama springi ngumu sana. Zipo bolti zinazovutwa kwa kiasi ambacho zikilegezwa zinarudi urefu wake. Nyingine zimeundwa zivutwe hadi kupita hapo. Kwa Volkswagen nyingi maelekezo ni nyutoni-mita 60 (kipimo cha nguvu ya kukaza), kisha robo mzunguko zaidi, na bolti ikifunguliwa haitumiki tena. Ukiirudisha hiyo, robo mzunguko ya pili inaivuta chuma ambayo tayari imechoka. Subaru za injini ya EJ zina bolti nane, kila moja nyutoni-mita 72, bila robo mzunguko wowote. Kwa hiyo mzee aliyelelewa na EJ hadanganyi. Kosa lake ni kuipeleka imani hiyo kwenye kila gari linaloingia getini.

Hoja ya pili ya wakongwe ni nzuri kuliko wanavyojua. Pistoni hazisukumi krenkshafti kwa utulivu, zinaipiga pigo baada ya pigo. Flaiwili nzito hukataa kuyumbishwa na mapigo hayo, na ukaidi wake wote unapita kwenye bolti. Nyepesi haina ukaidi mwingi. Kwa hesabu hiyo, bolti zimepunguziwa kazi. Sawa. Lakini nani aliyeweka flaiwili nyepesi ili aendeshe polepole? Huyo ndiye atakayeachia klachi ghafla mshale wa mizunguko ya injini ukiwa elfu tano.

(Kwa gari la barabara ya kawaida, mimi nisingeipunguza kabisa. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari, Timboroa zaidi ya 2,700. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa) inakosa pumzi huko, na ukisimama nyuma ya lori mlimani, uzito wa flaiwili ndio unaokusaidia kuondoka bila kuzima. Ila sikuombwa ushauri huo.)

Kinachonisumbua ni kwamba pande zote mbili zinabishana juu ya umri wa bolti huku urefu wake ukisahaulika. Flaiwili nyepesi haina lazima ya kuwa na unene ule ule pale katikati bolti zinapopita. Ikiwa nyembamba, bolti ya zamani inaingia ndani zaidi na inaweza kugonga mwisho wa tundu. Spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, itakwambia imekaza, na ni kweli imekaza, ila imekaza kwenye tundu. Flaiwili haijabanwa. Ikiwa nene, thredi zinazoshika ni chache. Anayeondoa flaiwili ya vipande viwili yenye springi ndani na kuweka ya kipande kimoja hukutana na jambo hili karibu kila mara, maana bolti za mbili hizo kwa kawaida hazilingani.

Gari la binamu yangu lilianza kutoa sauti ya kugonga kwa kosa la bolti. Sauti nzito injini ikiwa sailensa, yaani ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, ikikanyagwa klachi inabadilika. Tulikwisha ambiwa ni beringi ya krenki, injini ifunguliwe. Giaboksi iliposhushwa, bolti tatu zilizunguka kwa vidole. Na zilikuwa mpya! Zilinunuliwa duka la vifaa kwa kulinganishwa na macho, kichwani zimepigwa chapa 8.8, wakati zilizotolewa zilikuwa 10.9, chapa ya chuma imara zaidi.

Ndiyo maana neno "mpya" halinitoshi. Nikipewa nichague kati ya bolti za zamani za EJ zilizonyooka, thredi safi, zikakazwa kwa spana ya toki kwa mpangilio wa msalaba, na bolti mpya zinazopigwa na bunduki ya upepo hadi inyamaze, nachukua za zamani. Tatizo ni hilo neno "safi". Karibu sehemu tisa kwa kumi za nguvu unayotia kwenye spana huliwa na msuguano wa thredi na kichwa cha bolti. Kinachobaki ndicho kinachobana. Gundi ya kufungia thredi ikikauka humo inaiba sehemu ya hicho kidogo, na spana haina njia ya kujua. Oili nayo huiongopea upande wa pili, bolti inavutwa kupita kiasi.

Gundi yenyewe si urembo. Kwenye injini nyingi matundu ya bolti hizi yanatokea ndani kwenye oili, na bolti iliyorudishwa kavu huvuja taratibu mpaka klachi mpya inaloa. Lawama inaiangukia sili ya nyuma ya krenkshafti, inayozuia oili, ambayo haina hatia.

Binamu alinunua seti ya namba ya injini yake, akauliza urefu wa bolti ambao flaiwili ile ilitaka, na bei yote haikufika nusu tangi ya petroli. Kazi ya kushusha giaboksi mara ya pili ndiyo iliyomuuma. Za zamani, zile za 10.9, amezitia kwenye kopo la maziwa pale gereji, na fundi bado anasema zingefaa. Nilizipima juzi: sita zina urefu mmoja, mbili zimerefuka.