Tangazo kwa Ukoo Kuhusu Milioni 765

Kwa heshima na taadhima napenda kuwatangazia ndugu, jamaa, marafiki, na wale wote walioingizwa kwenye kundi la ukoo bila kuulizwa, kwamba mimi siye Juan Soto, yule mchezaji wa besiboli wa huku Marekani. Simjui. Na mifuko yetu haijuani.

Nimelazimika kusema haya kwa sababu leo saa kumi na moja alfajiri ya huku Kansas, wakati kwenu ni saa saba mchana na watu mmeshakula mmeshiba, Mjomba ametuma sauti. Sauti za Mjomba mnazijua: inaanza na kuku, inapitia msiba wa jirani, hoja yenyewe inakuja umeshavaa viatu. "Marahaba mjomba, najua umeniamkia moyoni. Nimeona kijana mmoja wa mpira wenu huo kasaini dola milioni 765, miaka 15. Nikakaa nikapiga hesabu. Kama mchezaji anapewa hizo, huyo anayemfundisha si ndiyo usiseme? Mimi sina makuu. Bati tu. Geji 28, za msauzi."

Chini yake ukoo mzima ukapanga foleni ya mikono ya dua. Hata shemeji, ambaye ada ya mwanafunzi wake mnajua nani alilipa, naye kaweka mikono.

Basi tuelewane. Soto alisaini Desemba 2024, na timu ya Mets ya New York, mbele ya kamera. Mimi ni kocha msaidizi wa besiboli kwenye chuo cha jamii, vile vyuo vya miaka miwili, katika mji wenye taa mbili za barabarani na moja mbovu. Nyie mkiwaza kocha mnamwona bwana mmoja kavaa koti, anatafuna bigijii, ananyoosha kidole. Huku kwetu kocha ndiye anayepiga reki, anayechora mistari kwa chokaa, anayeendesha basi nusu siku kwenda kufungwa na nusu siku kurudi, anayefua suruali zilizoteleza kwenye udongo, na anayelala bweni moja na wenye suruali hizo ili wasiunguze bisi kwenye maikrowevu saa nane za usiku, kengele ya moto ikalia, tukatoka wote kwenye baridi, wao na makoti, mimi na taulo. Siku zisizo na mechi napanga makopo dukani. Mshahara siutaji. Una siri zake za kifamilia.

Mkubwa wangu, kocha mkuu, naye alianza hivihivi, akidhani anapita tu. Huku kila kocha alikuwa anapita tu, halafu mtu anaamka ana kipara na funguo za stoo. Kila mwisho wa Mei timu 10 bora za vyuo kama vyetu zinakutana Grand Junction, Colorado, na zimekuwa zikikutana pale tangu 1959. Mzee wangu hajawahi kwenda na timu. Alikwenda mara moja kama mtazamaji, akala hotidogi, akarudi akiendesha gari Colorado nzima bila kuwasha redio. Mkewe ndiye aliyenisimulia, yeye mwenyewe hasemi.

Na atafikaje? Kijana anakuja hajui hata kuamka. Unamfundisha mkono, unamfundisha mguu, unamfundisha kuosha kikombe. Siku anapoanza kugonga mpira ukasikika, miaka yake miwili imekwisha, chuo kikuu fulani chenye nyasi bandia na jokofu lililojaa maziwa ya chokoleti kinamchukua, na huko kocha wake anasifiwa kwa jicho la kugundua vipaji. Shotistopu wetu, mlinzi wa uwanja wa ndani, ameaga jana. Kwa ujumbe. Hakuandika kitu, kaweka kidole gumba.

Hayo nimeyazoea. Iliyonimaliza ni Jumamosi.

Kuna mzazi mmoja. Huku watu wazima huitwa kwa jina la kwanza, hata mwenye wajukuu, ila mdomo wangu umekataa, kwa hiyo mimi namwita Baba Mrushaji, maana mwanawe ndiye anayewarushia wapigaji mpira. Yeye anadhani ni cheo na kimemkaa vizuri. Baba Mrushaji haji uwanjani bila tochi. Ileile ya trafiki, mnayopigwa nayo mkishavuka kibao cha hamsini. Anakaa nyuma ya wavu, anamlenga mwanawe, anasoma namba, anaandika kwenye daftari. Kijana anarusha maili 81 kwa saa, sawa na kilomita 130. Barabara ya Chalinze hiyo ni elfu thelathini papohapo na mahubiri juu. Kwenye besiboli ni mwendo wa bajaji yenye abiria wanne. Aroldis Chapman, mrushaji wa ligi kuu, alirusha maili 105.8 mwaka 2010, kilomita 170. Maskauti, wale wasaka vipaji, wakisikia 81 hawawashi gari.

Sasa Jumamosi nilikuwa nimeinama nachora boksi anamosimama mpigaji, futi 4 kwa 6, kazi inayotaka mtu ashikilie pumzi. Nikaona viatu. Vimesimama juu ya mstari wangu, chokaa haijakaa hata dakika.

"Kocha, una nafasi kidogo?"

"Ninayo," nikasema, kwa sababu nimelelewa.

"Ni kuhusu mustakabali wa kijana."

Nikainuka kwa awamu. Nikasimama kwa hadhi yote inayowezekana kwa mtu mwenye chokaa puani.

"Pujols," akasema.

Hapa inabidi niwape picha. Albert Pujols alisoma chuo cha jamii, Maple Woods, jirani zetu wa Kansas City upande wa Missouri. Kila mwaka timu za ligi kuu zinachagua vijana kwa zamu, raundi kwa raundi; yeye akachukuliwa mwaka 1999 raundi ya 13, mtu wa 402 katika orodha, akaja kustaafu na homurani 703, ile mipigo inayovuka ukuta wa uwanja. Ni mtu mmoja. Kwa ajili ya huyo mmoja kila mzazi wa ukanda huu ana raundi ya 13 yake imelala chumba cha pili, na mimi ndiye ninayeichelewesha.

"Pujols alikuwa anagonga, baba. Wako anarusha."

"Piazza."

"Naye alikuwa anagonga."

"Raundi ya 62, Kocha! Mwaka 1988! Mtu wa 1,390! Leo yuko kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli!"

Nikamweleza, kwa upole wote alionifundisha bibi, kwamba raundi ya 62 haipo tena, tangu 2021 zimebaki 20. Akanitazama kana kwamba zile 42 nimezikata mimi na ninazo nyumbani.

"Harper," akasema, sauti imeshuka.

"Bryce Harper alichukuliwa wa kwanza nchi nzima mwaka 2010, akitokea chuo cha jamii cha Nevada, ana miaka 17. Kijana wako ana 20, na juzi ameweka glovu kwenye maikrowevu ilainike."

Akakohoa. Akaufungua ukurasa mpya wa daftari, na mimi nikajua sasa ni zamu yangu. "Na wewe, Kocha, ulicheza wapi?"

"Azania," nikasema. "Dar es Salaam."

"Hiyo ni divisheni gani?"

"Ya kwanza," nikasema bila kupepesa. Na si uongo. Wajapani wametujengea uwanja wa besiboli pale, aje anioneshe divisheni iliyo juu ya hiyo Tanzania nzima. Akaandika. Akapigia mstari.

Ndipo upepo wa Kansas ukaingia. Upepo huu haupigi hodi. Mawingu yakaja meusi kutoka magharibi, na nikakumbuka turubai. Turubai la kufunika uwanja wa ndani lina futi 170 kila upande, linataka watu kumi na tano wenye akili moja. Letu ni la mtumba, lina viraka, na lina visirani. Vijana wako chumba cha kubadilishia, wameziba masikio kwa muziki. Uwanja mzima tupo mimi na Baba Mrushaji.

"Shika pembe hiyo, baba! Na kamba usijifunge mkononi!"

Akajifunga mkononi. Mara mbili, ili isiteleze.

Tulikwenda vizuri mpaka karibu na kile kichuguu cha mrushaji. Hapo upepo ukaingia chini, turubai likavuta pumzi, likanyanyuka, na Baba Mrushaji akanyanyuka nalo. Si mbali, msije mkasimulia vingine. Ila soli niliziona. Akatua kifudifudi, turubai likaamua kuondoka naye, akateleza kwenye udongo na tope lililoanza, mikono mbele, kofia nyuma, mpaka kituo cha pili, kile wanachokikimbilia wakimbiaji. Saa hiyo kocha mkuu alikuwa ndiyo anatoka ofisini na kikombe cha kahawa. Akatazama. Akaweka kikombe chini, akakunjua mikono yote miwili pembeni, ile ishara ya refa kwamba mkimbiaji kafika salama, akachukua kikombe akarudi ndani.

Nikamfungua kamba. Vijana wakatoka, tukalilaza turubai, tukaweka magunia ya mchanga, mvua ikamwagika. Ndipo Baba Mrushaji akajipapasa kiunoni.

"Tochi."

Tochi iko chini ya turubai. Imewashwa.

"Tulifunue kidogo," akasema.

"Hatulifunui."

"Upande mmoja."

"Baba, udongo ule nimeupiga reki tangu saa kumi na mbili. Hata angekuwa Pujols mwenyewe yuko chini pale, angesubiri."

Tukakaa kibandani tukisikiliza mvua, tochi ikiwapima minyoo mwendo. Na kwa kuwa hatukuwa na pa kwenda, akaanza upya. Raundi. Maili. Mkono. Kwamba labda nimembadilishia kijana namna ya kushika mpira. Kwamba kuna mtaalamu Texas. Kwamba mkopo ameshaupata wa kumpeleka.

Na hapo, jamani, nilitaka kupiga kelele. Kijana wake hataki. Ameniambia mimi, usiku, bwenini, na ameniapisha nisimwambie baba. Anasoma ufundi wa viyoyozi, kozi ipo hapohapo chuoni, jengo la nyuma ya maktaba, na mwalimu wake anasema hajapata mwanafunzi mwenye mikono ile siku nyingi. Kiyoyozi cha basi letu kilichokufa, ambacho gereji mbili zilikikatia tamaa, amekifufua yeye, na bisibisi na nusu saa. Akimaliza tu, siku ya kwanza kazini, atanizidi mshahara mimi. Pengine na mkubwa wangu. Nimekaa namwangalia baba mtu kalowa, ana tope mpaka kwenye nyusi, ananihesabia raundi, na mimi nimebeba hilo mdomoni siwezi kulitema wala kulimeza. Nalipwa kwa hilo? Kwenye mkataba wangu limeandikwa? Kuna reki, kuna basi, kuna bweni. Siri za watoto na baba zao hazimo!

Nikampa mbegu za alizeti ale.

Mechi zikaahirishwa, zote mbili, maana huku wanapanga mbili kwa siku moja, ya kwanza haitoshi kutuaibisha. Tochi ilipatikana Jumapili, inasoma maili tatu daima, hata ukiilenga ukuta.

Na hizo mbegu zenyewe, nani aliwaambia hawa watu ni bigijii? Singida watu wanakamua mafuta, dumu la lita 20 bei yake inatafuta hewa, huku vijana wanazimung'unya na chumvi, maganda wanatema chini ya benchi, na anayefagia maganda ni msomi mwenye digrii. Nilimtumia Mama picha ya lundo. Badala ya pole akauliza kama naweza kutuma gunia kwa ajili ya kuku.

Saa hii ninaandika haya nikiwa chumba cha kufulia. Mashine ziko mbili, moja ina karatasi ya "mbovu" ambayo imepauka kwa uzee. Nimetoka mara moja kujibu simu ya Mjomba, nikakata, nimerudi nakuta mtu wa timu ya voliboli katoa suruali zangu katikati ya povu, kazirundika juu ya meza, kaweka soksi zake. Soksi tu! Mashine nzima! Kaacha na kikaratasi cha samahani chenye sura inayocheka. Kesho alfajiri tuna safari, timu nzima ina povu, na hiyo mashine inasema dakika 47. Ilisema 47 nilipoanza kuandika.