Usimwambie Daktari "Niko Muzuri"

Kwa miaka mitatu simu za mdogo wangu zimekuwa zikinikuta saa nne asubuhi, nimekaa uani Katuba, hapa Lubumbashi, nachagua maharagwe. Kule kwake Texas saa hiyo ni saa nane au saa tisa ya usiku. Anauliza hali ya mama, bei ya unga, kama mvua imenyesha. Hakuwahi kusema kwamba hajalala, na mimi sikuwahi kumuuliza.

Alifika Marekani akiwa mkimbizi, akaingia jeshini, akapelekwa Afghanistan. Viungo vyote alirudi navyo. Kichwa ndicho kilichobaki vitani. Alipoomba fidia ya ulemavu wanayopewa waliotoka jeshini, barua ilikuja ikisema ulemavu wake ni asilimia 30. "Yaya, bamekwisha kuamua," akaniambia. "Tuache tu."

Mimi nasema tusiache. Barua ile imeandikwa sababu zake, na sababu iliyoandikwa inaweza kujibiwa. Kwa maradhi ya akili sheria yao ina ngazi 0, 10, 30, 50, 70 na 100. 20 haipo, 40 haipo. Kinachopimwa ni jinsi ugonjwa unavyomharibia mtu kazi na maisha yake na watu. Ripoti ya uchunguzi ilisema anapata shida ya usingizi, ila kazini anaelewana na wenzake. Mtu huyo amebadilisha kazi mara tatu kwa mwaka mmoja! Aliponisomea nikaelewa: daktari alimuuliza anaendeleaje, akajibu kama mama alivyotufundisha, "Niko muzuri, Mungu anasaidia." Kwetu hiyo ni adabu tu, hata mwenye homa kali hujibu hivyo. Kule iliingia kwenye dosiye, faili lake, kama dalili ya afya.

Tangu Februari 2019, chini ya sheria waliyoipitisha 2017, asiyeridhika ana njia tatu: kuleta ushahidi mpya, kuomba mkaguzi wa ngazi ya juu apitie dosiye ileile bila kuongeza kitu, au kwenda mbele ya jaji wa baraza la rufaa. Akianza ndani ya mwaka mmoja na kushinda, kwa kawaida fidia huhesabiwa tangu ombi lake la kwanza. Kwa mdogo wangu naona njia ya kwanza ndiyo yake, maana kilichokosekana ni ushahidi. Mkaguzi wa juu angesoma "niko muzuri" ileile.

Na ushahidi si wa madaktari peke yao. Ndugu, mke, askari mwenzake, yeyote aliyeona au kusikia anaruhusiwa kuandika maelezo yake. Hapa ndipo familia zetu zinajinyima, kwa aibu ya kusema kwamba mtoto wa nyumbani ana maradhi ya akili. Jirani yangu hapa Katuba alipoteza mguu vitani na hadi leo hakuna karatasi aliyopewa, ya kukubali wala ya kukataa. Yeye atakata rufaa dhidi ya nini? Mwenye barua mkononi asiitupe.

Nimeandika kurasa mbili kwa Kiswahili, binamu yetu amezitafsiri. Nimeweka saa za simu, ile harusi aliyoikimbia ngoma zilipoanza, na siku aliyosahau jina la marehemu baba. Mwaka wake unaisha mwezi wa tisa. Sasa tunangoja karatasi ya mke wake.