Cherehani inaonewa, swali ni nani anakanyaga pedeli

Watu wakibishana uvumbuzi gani wa karne ya 19 ulibadili maisha zaidi, utasikia treni, simu na taa ya umeme tu. Cherehani haitajwi kabisa, na siku hizi ikitajwa inatajwa kama mtuhumiwa, eti ndo ilileta viwanda vya jasho, vile vya kukamua watu kwa malipo kiduchu, ndo chanzo cha yale ya Rana Plaza kule Bangladesh 2013 jengo la viwanda vya nguo likaporomoka na kuua watu zaidi ya 1,100, ndo inatujazia nguo za bei ya karanga zinazochakaa kabla ya sikukuu nyingine. Mimi naona inaonewa, ila wanaoilaumu tuwasikilize kwanza maana hoja wanazo.

Fundi nguo mmoja wa Ufaransa, Barthélemy Thimonnier, alipata hataza (haki rasmi ya uvumbuzi) ya mashine ya kushona 1830, akafungua karakana Paris yenye mashine kama 80 zinashona sare za jeshi. Mafundi wenzake wakavamia wakazivunja. Huwa tunawacheka watu kama hao kwamba waliogopa maendeleo, lakini hawakuwa wajinga, mkate wao ndo ulikuwa unaondoka. Halafu njoo 25 Machi 1911, kiwanda cha nguo cha Triangle New York kinaungua, wanakufa watu 146, wengi wasichana wahamiaji, na mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa funguo. Wiki hiyohiyo Clydebank, Scotland, kwenye kiwanda kikubwa cha Singer chenyewe, wanawake 12 wa kupiga polishi makabati ya cherehani waligoma kwa kuongezewa kazi huku malipo yanashuka, wakafuatwa na wenzao karibu 11,000. Yani hata anayeitengeneza ilimbana.

Sasa kuna hesabu moja ya miaka ya 1860 ambayo mimi hainitoki kichwani. Shati moja la kiume kwa mkono lilichukua masaa zaidi ya 14, kwa cherehani saa moja na robo hivi. Hesabu ya wauzaji hiyo, kwahiyo toa chumvi kidogo, toa hata nusu ukitaka, bado ni balaa. Yale masaa 13 yalienda wapi? Wakosoaji wanakwambia hayakwenda kwa mshonaji, bei ya kushona shati ilishuka naye akalazimika kushona mengi zaidi ili apate hela ileile, na matajiri wakaongeza marinda kwenye magauni maana kushona kumekuwa rahisi. Ni kweli. Lakini huyo ni mshonaji wa mashine ya bosi. Yule mama aliyekuwa anavalisha nyumba nzima kwa sindano ya mkono, shuka, mashati, nguo za watoto, usiku mbele ya mshumaa, masaa yake nani aliwahi kuyahesabu? Hayakulipwa kwahiyo hayamo kwenye hesabu ya mtu, na ndo masaa ambayo cherehani iliyarudisha mengi zaidi.

Na hapa ndo watu wanapopita haraka. Elias Howe alipata hataza yake 1846, Isaac Singer 1851, sawa, lakini mwanzoni mashine moja ilizidi dola 100 wakati familia ya kawaida Marekani ilipata kama dola 500 kwa mwaka mzima. Nani angenunua? Mwaka 1856 mshirika wa Singer, mwanasheria Edward Clark, akaja na mpango wa kuichukua leo ukalipa mdogo mdogo. Bodaboda za mkataba, sola, simu za kulipia kila siku, zote zinatembea kwenye njia hiyo, pamoja na ubaya wake maana ukikwama wanakuja kuchukua. Ila ilimaanisha anayeikanyaga anaweza kuwa mwenye nayo, na hilo kwa treni au kinu cha pamba halikuwezekana hata kidogo. Gandhi aliyekuwa anazishambulia mashine kila siku aliiachia hii moja, akasema Singer aliibuni kwa kumpenda mkewe (Singer huyo alikuwa na wanawake kadhaa na watoto lundo, lakini tuyaache).

Nenda Kariakoo au Gikomba uone. Cherehani ya miguu, umeme ukikatika kazi inaendelea, mkanda ukikatika unaungwa. Wanasema mitumba imemuua fundi, na kweli imewaua wengi, lakini pembeni ya marobota utamkuta mwingine amekaa anapunguza suruali na kupindia magauni ya hiyohiyo mitumba, masaa yake ni yake. Tofauti yake na binti wa kiwandani EPZ Athi River, Kenya, kwenye viwanda vya kushona nguo za kuuza nje, haiko kwenye sindano wala uzi.

Ndo maana zile cherehani zinazogawiwa kwa vikundi vya akina mama kila uchaguzi ukikaribia huwa zinanichosha. Wanapiga picha, wanapeana mikono, baada ya hapo hakuna wa kufundisha, spea hazipo, ovaloki (mashine ya kufunga kingo za kitambaa) hakuna, mashine inageuka meza ya kuwekea tivii. Kampuni ya Singer karne ya 19 ilikuwa na mawakala waliopita mpaka vijijini wanafundisha kushona na kutengeneza mashine ikiharibika, na walifanya hivyo kwa sababu walikuwa wanadai hela yao.