Kupima umri mtandaoni: anayelindwa ni mtoto, anayepekuliwa ni kila mtu

Tangu tarehe 10 Desemba 2025, mitandao mikubwa ya kijamii nchini Australia hairuhusiwi kumwachia akaunti mtu wa chini ya miaka 16. Kampuni isiyochukua hatua za kutosha inaweza kutozwa faini ya hadi dola milioni 49.5 za nchi hiyo, ila mtoto na mzazi wake hawaadhibiwi. Wazazi wengi wameipokea sheria hii kwa furaha, na watetezi wa faragha kwa wasiwasi. Ugomvi wenyewe si mgumu kuuelewa, kwani mtandao hauwezi kumjua aliye mtoto mpaka umpime kila anayeingia, babu na bibi wakiwemo.

Wanaotaka umri upimwe wana hoja nzito kuliko wapinzani wao wanavyokubali. Sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inadai idhini ya mzazi kabla ya kukusanya taarifa za mtoto wa chini ya miaka 13. Huduma nyingi ziliona nafuu kuwafungia mlango watoto hao kwa kuuliza tarehe ya kuzaliwa, na watoto nao wakajifunza kudanganya. Athari za uongo huo huchelewa kuonekana. Mtoto wa miaka 9 akijiandikisha kuwa ana 13, siku atakayotimiza 14 mfumo utamhesabu ana 18. Kinga alizowekewa kama mtoto zinaondoka bila mtu kuambiwa, na wageni watu wazima na matangazo ya kamari wanaweza kumfikia kama wanavyomfikia mtu mzima yeyote. Kwa hiyo kusema "tubaki na utaratibu wa zamani" si jibu.

Lakini upimaji wenyewe nao una gharama. Kitambulisho kinaeleza umri sawasawa, ila kinabeba pia jina, namba na sura, ilhali lililoulizwa ni kama mtu amevuka miaka fulani au la. Na kinachohifadhiwa huvuja. Oktoba 2025 Discord, mtandao wa mazungumzo, ilitangaza kwamba picha za vitambulisho vya watumiaji wapatao 70,000 huenda zilifikiwa na wadukuzi kupitia kampuni ya nje iliyohudumia wateja wake, wakiwemo waliokata rufaa kuhusu umri wao. Nywila ikiibwa unaibadilisha. Uso utaubadilisha vipi?

Selfi inayokadiriwa umri na programu haidai jina, na ndiyo maana inapendwa. Udhaifu wake uko mpakani. Ukiweka kizingiti kwenye 16 kamili, wapo wa miaka 14 watakaopita na wa 18 watakaozuiwa. Ukikipandisha hadi 20 ili kupunguza wanaopenya, vijana wengi wa 16 hadi 19 wataangukia chini yake na kuombwa kitambulisho, yaani kile kile tulichokuwa tunakikwepa. Majaribio ya taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, yaliyochapishwa mwaka 2024 kwa programu sita za kukadiria umri, yalionyesha pia kuwa makosa karibu kila mara huwa makubwa zaidi kwa nyuso za wanawake.

Ipo njia ya kati ninayoiona bora kuliko hizo. Mthibitishaji wa nje anakagua umri mara moja, kisha anatoa tokeni, yaani cheti kidogo cha kidijitali, yenye dai moja tu, kwamba mwenye nayo amevuka umri fulani. Tovuti haioni jina, na mthibitishaji haoni tovuti. Sharti lake ni kila tokeni itumike mara moja, kwa sababu ikirudiwa kwenye tovuti kadhaa inageuka alama ya kumfuatilia mtu. Hata hivyo kaka mkubwa anaweza kumwazima mdogo wake simu, na asiye na hati anabaki nje.

Tena mlango haumalizi kazi. Video nyingi hutazamwa bila akaunti, na mtoto aliyenyimwa akaunti huzitazama bila vichujio vyovyote vinavyowekwa kwenye akaunti ya mtoto. Mwongozo wa Uingereza kwa huduma za mtandaoni zinazotumiwa na watoto, ulioanza kutumika kikamilifu Septemba 2021, unadai faragha ya juu iwe chaguo-msingi kwa watoto, yaani iwepo bila mtu kuiwasha, na ufuatiliaji wa mahali alipo mtoto uzimwe tangu mwanzo. Naupa uzito zaidi kuliko marufuku, kwa kuwa anayemrubuni mtoto huhitaji njia ya kumpata, na mipangilio kama hiyo huibana njia hiyo.

Kwa mzazi, kazi ya kwanza iko kwenye mipangilio ya akaunti. Angalia mwaka wa kuzaliwa ulioandikwa humo. Ukiwa wa uongo, pakua kwanza picha na mazungumzo anayoyataka mtoto, kwani kuurekebisha kunaweza kuifunga akaunti papo hapo. Ukiwa sahihi, funga ujumbe kutoka kwa wasio marafiki, kisha uende kwenye mipangilio ya simu yenyewe na kuinyima kamera ruhusa ya kusoma mahali, la sivyo picha inaweza kubeba ndani yake taarifa za mahali hasa ilipo nyumba yenu.