Tristeza ya michungwa: kujua koo za kirusi kunamfaa nini mkulima wa Malindi?

Mwenye shamba Malindi akiambiwa mchungwa wake una tristeza, ugonjwa wa kirusi, huuliza moja tu: niung'oe au niuache? Kipimo cha ndiyo au hapana hakimjibu. Kirusi hiki kina koo nyingi, yaani aina zake: T30 kwa kawaida ni pole, mti huzaa nacho miaka na miaka, VT mara nyingi huchimba vijishimo kwenye shina na kudumaza matunda. Mti mmoja waweza kubeba koo kadhaa, zikachanganyika na kuzaa mpya. Kidukari, mdudu mdogo anayenyonya utomvu, akinyonya hapo, huenda akamhamishia jirani ile kali peke yake.

Wapo wanaoona kuchambua koo hizo ni anasa. Pesa, wasema, ziende kwenye miche safi. Hoja yao ina uzito: kirusi hakipiti kwenye mbegu, kwa hivyo mche wa mlimau ulioota kwa mbegu huanza salama, ugonjwa ukaletwa na kikonyo, kile kipande cha mchungwa kinachopachikwa juu yake. Ukikagua vikonyo umeziba mlango mkubwa. Ukiepuka na shina la mdanzi (mchungwa mchungu), bora zaidi, maana michungwa iliyopachikwa juu ya mdanzi ndiyo iliyokauka kwa mamilioni Argentina na Brazil tangu miaka ya 1930.

Sawa, lakini mche safi hauna kinga. Ukishafika shambani, vidukari hawaulizi cheti. Brazil iliamua kuipandikiza michungwa aina ya Pera kirusi kipole ili kizuie kikali, na ikafaulu. Ila kinga hiyo hushika pale tu kirusi kipole na kikali ni wa ukoo mmoja. Usipojua kilichopo shambani, unabahatisha.

Nami naona ndimu ndiyo inayoamua. Mndimu wetu mdogo huu, wa achari, ni dhaifu mno mbele ya tristeza hata watafiti huutumia kuitambulia. Wengi huuotesha kwa mbegu tu, kwa hiyo habari za vikonyo na mdanzi haziuhusu. Adui wake ni kidukari na ukoo aliobeba. Hapo miche safi pekee haitoshi.

Si lazima kila shamba lipimwe. KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya, na KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea, wakichukua sampuli za mindimu mikongwe ya Malindi na Lamu, zitaonyesha koo zilizopo. Hilo lifanywe kabla vikonyo vya machungwa kutoka bara havijavushwa kwenda visiwani, kwani bahari humchelewesha kidukari, lakini mche hupanda boti kama abiria yeyote.