Hakuna Kulala na lawama kwamba si lebo yetu

Kila Hakuna Kulala, lebo ya muziki iliyo Kampala, inapotoa kazi mpya, mjini husikika maneno yaleyale: hiyo ni lebo ya Wazungu, muziki wake unapigwa Berlin na London, huku mitaani hakuna anayeujua. Lawama hiyo haijatoka hewani na nitaifikia. Ila kuna hesabu moja ambayo wanaolaumu huiruka, na mimi kila nikijaribu kuipita narudi palepale.

Rapa MC Yallah alianza kufoka mwaka 1999. Albamu yake ya kwanza, Kubali, ilitoka 2019, na aliyeitoa ni Hakuna Kulala. Miaka 20. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alioshika maiki kwa mara ya kwanza alikuwa tayari mtu mzima mwenye kupiga kura. Na si kwamba Kampala ya miaka hiyo ilikuwa jangwa la hip-hop. Kundi la Klear Kut lilikuwapo, kundi la Bataka Squad lilikuwa linakipigania Kiganda kwenye mistari, rapa GNL Zamba akaanzisha lebo ya Baboon Forest na kuthibitisha kwamba rapa wa Uganda anaweza kusimamisha lebo yake mwenyewe. Redio za FM zilikuwa tele, mapromota tele. Katikati ya yote hayo, mwanamke anayefoka kwa Kiganda, Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza, anayehama lugha bila kupunguza kasi, aliingia mwaka wa 20 hana albamu.

Utaambiwa muziki wake haukuwa na soko. Sawa, tulitazame hilo soko. Nenda kwenye kibanda chochote cha nyimbo katikati ya jiji: kijana ana kompyuta moja na spika mbili, unampa flashi, unamtajia wasanii unaowataka, na kabla boda yako haijazimwa injini amekujazia nyimbo za mwezi mzima. Pesa unayomlipa haimfikii msanii hata mmoja, ingawa Sheria ya Hakimiliki ipo tangu 2006. Katika soko la namna hiyo msanii anakula kwa shoo, na shoo inataka wimbo unaochezeka kwenye harusi na baa. Rapa mwenye mistari mizito na mdundo mkali anakwama mapema. Anayemwambia arekebishe muziki wake hamtakii mabaya. Anamweleza tu hela ilipo.

Hakuna Kulala ilipozaliwa mwaka 2018, ndani ya kundi la Nyege Nyege lenye tamasha lililoanzia Jinja mwaka 2015, ilipita njia nyingine. Ilitafuta watu wachache wanaonunua badala ya wengi wanaosikiliza bure. Kwenye Bandcamp, mtandao wa kuuzia muziki ambako lebo za aina hii huuza, mtandao huchukua kwa kawaida asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali. Albamu ya dola 10 inaacha dola 8.50 za kugawana lebo na msanii, kabla ya kutoa ada ya kupitisha malipo. Kwenye mitandao ya kusikiliza, ambako wimbo mmoja ukichezwa huingiza sehemu ndogo tu ya senti, unahitaji kuchezwa mara elfu mbili na ushei kufikia pesa hiyo. Kwa hesabu hiyo, mashabiki mia kadhaa waliotawanyika duniani wanaweza kubeba albamu ambayo Kampala ingeitupa. Ndivyo alivyopata nafasi rapa Ecko Bazz, na albamu yake Mmaso ikatoka 2022. Ndivyo walivyopata mahali pa kufanyia kazi wanamuziki Wakongo kama Chrisman na Rey Sapienz, ambao Kiswahili chao cha mashariki mwa Kongo kinasikika Kampala kila siku lakini ni nadra kupewa studio.

Sasa lawama yenyewe. Waanzilishi wa Nyege Nyege, Derek Debru na Arlen Dilsizian, si Waganda, na hilo si jambo dogo. Midundo ya Kubali ni ya Debmaster, Mfaransa. Mnunuzi akiwa Ulaya, sikio la Ulaya ndilo linaloamua Kampala ipi isikike, na hiyo huwa ni Kampala yenye kelele za mashine na giza. Rapa wa Kiganda mwenye mdundo wa kawaida, anayesimulia kodi ya nyumba na mama mkwe, anaweza kuwa bora kuliko wote na bado asitoshe kwenye sura hiyo. Hapo wakosoaji wana haki, na sijasikia jibu lililoniridhisha. Pia ni kweli kwamba jina la MC Yallah bado linatajwa zaidi kwenye matamasha ya nje kuliko kwenye redio za hapa.

Lakini kosa la redio lisiandikwe kwa jina la lebo. Yallah Beibe, albamu nyingine ya MC Yallah, ilitoka 2023, ina Kiganda ndani yake, na hakuna mpaka unaomzuia mtangazaji wa Kampala kuipiga saa mbili usiku.

Swali ninalotaka wakosoaji waliulize ni la mkataba, si la pasipoti. Nani anamiliki rekodi zenyewe, na kwa miaka mingapi? Msanii anaona hesabu za mauzo lini? Akiondoka anaondoka na nini? Waulizwe Hakuna Kulala, wajibu hadharani. Kisha karatasi yenye maswali hayohayo ipelekwe kwa kila lebo ya mzawa yenye ofisi Kampala, nao wajaze majibu yao.